iPad, Samsung na ya bei poa: yanayosemwa barazani Lamu na ukweli wake

Ikitajwa iPad kwenye baraza lolote la Lamu, kuanzia Mkomani hadi Langoni, hakosi mtu wa kuijibu kwa Samsung. Mmoja atasifu kioo, mwingine atasifu kalamu inayokuja ndani ya boksi la Galaxy Tab S, tableti ya Samsung, bila kuongeza senti, na kabla ya adhana ya Isha kila mmoja ameshaapa kwamba ya mwenzake haitaki hata akipewa bure.

Sina ugomvi na mapenzi ya watu. Lakini wanaosikiliza mabishano hayo ndio wanaokwenda dukani: mama anayetaka mtoto asome, mwalimu wa madrasa anayetafuta msahafu wenye maandishi makubwa, nahodha wa safari za Kiwayu. Wengi hutoa akiba ya miezi kwa kufuata neno la shabiki, kisha wanaumia kwa mambo ambayo wabishani hawakuyagusa kabisa. Hayo ndiyo ninayotaka kuyaweka sawa.

"Samsung waliiba iPad, na mahakama ikathibitisha"

Hili husemwa kwa uhakika mkubwa, na ni nusu ya habari. Apple ilifungua kesi Marekani Aprili 2011. Mwaka huohuo mahakama ya Ujerumani ilizuia Galaxy Tab 10.1 isiuzwe huko, na Samsung ikabadilisha umbo lake kidogo ili irudi sokoni. Hapo mashabiki wa iPad wana haki ya kusema. Lakini Julai 2012, Jaji Colin Birss wa Uingereza aliamua kwamba tableti za Samsung hazikuvunja haki ya umbo la iPad, na sababu yake ilikuwa chungu kwa Samsung wenyewe: hazikuwa na mvuto wa iPad, kwa hiyo mtu hawezi kuzichanganya. Apple ikaamriwa itangaze hadharani kwamba imeshindwa. Mwezi uliofuata, jopo la raia waliosikiliza kesi California liliipa Apple fidia ya zaidi ya dola bilioni 1, lakini karibu yote kwa ajili ya simu. Kuhusu umbo la tableti, jopo hilohilo lilisema Samsung haikuvunja.

Na jambo ambalo halisemwi kamwe: A4, chipu iliyoendesha iPad ya kwanza ya 2010, ilitengenezwa kwenye viwanda vya Samsung. Vioo vya OLED vya iPad Pro ya 2024 vilitoka kwa Samsung Display na LG Display. Wenye kampuni walishtakiana huku wakiuziana vipuri. Sioni kwa nini ndugu wawili wa mtaa mmoja wasisalimiane kwa ajili yao.

Wala iPad haikuwa tableti ya kwanza duniani. GRiDPad iliuzwa tangu 1989, na Microsoft ilikuwa na kompyuta zake za kuandikia kwa kalamu mwaka 2002. Apple ilichofanikiwa mwaka 2010 ni kuuza ile ambayo watu wa kawaida waliitamani.

"Bila bando tableti haijui uko wapi"

Hapa nataka manahodha na mabaharia wanisikilize vizuri, kwa sababu dhana mbili zimefungwa pamoja na zote mbili zina hatari.

Ya kwanza ni hiyo ya bando. Kipokezi cha GPS hupokea mawimbi ya setilaiti moja kwa moja. Hakihitaji laini, hakihitaji intaneti. Kinachohitaji intaneti ni picha ya ramani, na hiyo unaweza kuipakua ukiwa mjini kabla hujang'oa nanga. Ukishaipakua, tableti itakuonyesha ulipo ndani ya mkondo wa Mkanda au nje ya Kizingitini hata kama mtandao umekatika kabisa.

Dhana ya pili ni kwamba kila tableti ina kipokezi hicho. Haina. iPad ya Wi-Fi pekee haina GPS. Apple huiweka kwenye zile zenye sehemu ya laini tu, ingawa hizo hufanya kazi hata usipotia laini yoyote ndani. Ile ya Wi-Fi hukisia mahali ulipo kwa kutambua Wi-Fi zilizo jirani, na ndiyo sababu mtu huijaribu pale Mkunguni, katikati ya maduka, akaona nukta ya buluu imekaa sawasawa, akalipa akiwa na furaha. Akishavuka Shela na kushika bahari kuu, hakuna Wi-Fi ya kutambuliwa, na nukta inaganda au inapotea. Iliyomwambia kweli nchi kavu inamwacha majini.

Galaxy Tab A8 ya Wi-Fi, ambayo ni ya bei ya chini kuliko iPad nyingi, ina GPS yake kamili. Fire HD 10 ya Amazon, ambayo jamaa walio ng'ambo hupenda kuituma kwa sababu ni nafuu, haina, na pia haiji na duka la programu la Google. Kwa hiyo kwa kazi ya baharini swali la jina linakuja mwisho. La kwanza ni kama kipokezi kimo. Hata kikiwemo, dira ibaki chomboni. Betri huisha, na miamba ya huku haisubiri mtu achaji.

"Ikiwa na laini, inafanya kila inachofanya simu"

iPad yenye laini hupata data tu. Haipigi simu ya kawaida na hakuna pahali pa kubonyeza *334# ili utume pesa. Mtu aliyefikiria kuiacha simu nyumbani atarudi kuichukua. Baadhi ya tableti za Android zenye laini hupiga simu kama kawaida, lakini si zote, na mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kutofautiana. Tia laini yako dukani, bonyeza namba hiyo, uone.

Kuhusu WhatsApp, mashabiki wa Android walikuwa na haki ya kuringa kwa muda mrefu. iPad ilipata programu yake rasmi ya WhatsApp Mei 2025. Anayesema leo kwamba haina anarudia habari iliyopitwa na wakati. Vivyo hivyo anayesema iPad haisomi flashi: tangu iPadOS 13, mfumo wa iPad wa mwaka 2019, inasoma, ila ile yenye tundu la zamani la Lightning inahitaji kiunganishi. Sehemu ya memori kadi ndiyo haijawahi kuwa nayo, na hapo Galaxy Tab A inaishinda waziwazi, hasa kwa mwalimu mwenye mawaidha na visomo vingi vya kuhifadhi.

"mAh nyingi, siku nyingi"

mAh na saa-wati zote ni vipimo vya ujazo wa betri. iPad ya kwanza ilikuwa na betri ya saa-wati 25, na Apple ikaahidi saa 10 za matumizi. Ile ya tatu, ya 2012, ilikuwa na betri ya saa-wati 42.5, kubwa kwa zaidi ya nusu. Ahadi ikawa ileile: saa 10. Nguvu yote ya ziada ililiwa na kioo kipya chenye nukta mara nne ya kile cha mwanzo. Kizazi cha 10, cha mwaka 2022, kina saa-wati 28.6, na bado ahadi ni saa 10. Namba ya betri pekee haikuambii kitu mpaka ujue kioo na chipu vinakula kiasi gani.

"Ya bei poa ina RAM 12, iPad ina 3 tu!"

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu anayeumizwa karibu kila mara ni mzazi mwenye kipato kidogo.

Ni kweli kwamba iPad ya kizazi cha 9 ina RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, ya GB 3. Ni kweli pia kwamba boksi la tableti isiyojulikana huandikwa GB 12 na hifadhi ya GB 512 kwa bei ambayo kampuni kubwa haiwezi hata kununulia vipuri. Mara nyingine namba hiyo imejumlisha kile kinachoitwa RAM ya ziada: RAM ya kweli ni 4, na 8 zilizobaki ni sehemu ya hifadhi iliyokopwa. Hifadhi ni ya polepole sana kuliko RAM, kwa hiyo mkopo huo hauifanyi tableti iwe nyepesi. Hapo angalau kuna chembe ya ukweli. Mara nyingine namba ni uongo mtupu: mfumo umechezewa ili ukurasa wa mipangilio useme 12 na 512, na ndani kuna sehemu ndogo tu ya hiyo. Mtoto akishaweka programu tatu za masomo na video chache, inajaa, au faili zinaonekana zipo lakini hazifunguki.

Kuitambua kunawezekana. Fungua mipangilio, nenda kwenye maelezo ya kifaa, tafuta tarehe ya sasisho la usalama. Tableti inayodai kuwa na Android mpya huku tarehe hiyo ni ya miaka mingi nyuma inajisema yenyewe. Nakili faili kubwa ndani yake kisha zifungue moja baada ya nyingine. Na kama una kiasi kidogo cha pesa, Samsung au iPad iliyotumika, ikiwa safi, itamfaa mtoto kuliko mpya ya uongo. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na kidonda hiki nimekiona mikononi mwa watoto wengi.

Kuna pia wanaosema tableti yoyote ni ya katuni tu, isiyofaa kazi ya maana. Kenya ilihesabu watu wake wote kwa tableti, katika sensa iliyoanza usiku wa 24 Agosti 2019. Inatosha.

"Hii haiingii maji, tia tu kwenye mashua"

Galaxy Tab S9 ya mwaka 2023 ina kiwango cha IP68 cha kuzuia vumbi na maji, na mashabiki wake huitumia alama hiyo kuwanyamazisha wa iPad, ambayo haina kiwango chochote rasmi cha maji. Wana haki, kwa kadiri. Lakini kipimo hicho ni cha maji baridi, yasiyo na chumvi, kina cha mita 1.5 kwa dakika 30, na Samsung wenyewe hawashauri kuitumia ufukweni. Maji ya bahari ni kitu kingine. Chumvi hupitisha umeme, hubaki kwenye tundu la chaja baada ya maji kukauka, na hula shaba kimyakimya. Huku kwetu hata hewa ina chumvi. Tundu la chaja la kifaa kinachoishi karibu na gati huota kutu ya kijani bila kumwagikiwa na tone.

Ikirushiwa maji ya bahari na ina kiwango cha IP68, ipanguse kwa kitambaa kilicholowa maji baridi, iache ikauke yenyewe kivulini, usiitie chaja mpaka uhakikishe tundu ni kavu. Ile isiyo na kiwango, izime na umpelekee fundi upesi. Na tafadhali, mchele uacheni jikoni. Mwaka 2024 Apple iliwaandikia wenye iPhone wasizike simu kwenye mchele, kwa kuwa vipande vidogo vinaweza kuingia na kuharibu. Tundu la tableti ni lilelile. Mchele haunyonyi chumvi, na chumvi ndiyo adui.

Jua nalo. Apple inataka iPad itumike pahali penye joto lisilozidi nyuzi 35. Kivulini Lamu hatufiki huko mara nyingi, lakini kifaa cheusi kilichoachwa juani mwezi wa Machi hupita hapo haraka, kiwe cha kampuni gani, na betri haisahau.

"iPad haizeeki na haishikwi na virusi"

iPad Air 2 ilitoka 2014 na ikaendelea kupokea mifumo mipya hadi iPadOS 15 ya 2021. Miaka 7, wakati ambapo tableti nyingi za Android ziliachwa baada ya miaka miwili au mitatu. Ushindi huo ulikuwa wa kweli. Umepungua sasa: Galaxy Tab S9 iliahidiwa mifumo mipya minne na ulinzi wa miaka 5, na S10 ya 2024 ikaahidiwa miaka 7. Nyingi za bei ya chini za miaka hiyo hazikupewa muda huo, kwa hiyo usimnunulie mtu Tab A kwa sifa za Tab S.

Virusi? Septemba 2021 Apple ilitoa iPadOS 14.8 kwa haraka kuziba tundu lililotumiwa na programu ya ujasusi ya Pegasus, lililogunduliwa na watafiti wa Citizen Lab wa Toronto. Anayeahirisha masasisho kwa kuamini kwamba iPad ni salama yenyewe ndiye anayebaki wazi.

"Iliyofungwa fundi ataifungua"

Tangu iOS 7 ya mwaka 2013, iPad iliyosajiliwa kwa akaunti ya mtu hubaki imefungwa hata ikifutwa yote. Android nayo ina ulinzi wa aina hiyo tangu toleo la 5.1. Hakuna bisibisi ya kufungua kufuli hiyo. Ufunguo anao mwenye akaunti, na mara nyingi mwenye akaunti yuko Ulaya hajui kifaa chake kimefika wapi. Kwa hiyo usikubali kuonyeshwa iPad iliyokwisha kuwashwa tu, ikiwa na picha nzuri juu. Mwambie muuzaji atoke kwenye akaunti yake mbele ya macho yako, aifute yote, aiwashe upya kwa Wi-Fi. Ikikupeleka hadi ukurasa wa kwanza bila kuomba nywila ya mtu mwingine, hapo ndipo utoe pesa mfukoni.