Tani 250 za dhahabu ndani ya manowari

Nafundisha upakiaji wa meli, na kila mwaka nawauliza wanafunzi: tani 250 za dhahabu zinahitaji nafasi kiasi gani? Wengi hukisia ghala zima. Haya, tupige hesabu. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, kwa hiyo ukiacha masanduku ni mita za ujazo 13 tu, hata nusu ya kontena la futi 20 hazifiki. Kazi iko kwenye uzito. Ukiirundika upande mmoja, meli inalala. Ukiiweka juu sana, inayumba vibaya.

Mfano wangu ni Émile Bertin, kruza nyepesi (manowari ya mwendo kasi) ya Ufaransa yenye mizinga 9 ya milimita 152. Juni 1940, Wajerumani wakiisogelea Paris, iliondoka Brest na shehena ya Benki ya Ufaransa iliyozidi tani 250. Kwa nini haikubebwa na meli ya mizigo? Mwendo. Hii iliundwa ikimbie noti 34 (kama kilomita 63 kwa saa), na kwenye majaribio ilizipita. Nyambizi za enzi hizo zilikwenda noti 17 hivi juu ya maji, na zikiwa chini ya maji hazifikishi hata nusu yake.

Ilifika Halifax, Kanada, tarehe 18, siku moja tu baada ya Pétain, kiongozi mpya wa serikali ya Ufaransa, kutangaza kwamba mapigano yasimame. Waingereza wakataka dhahabu ishushwe palepale. Kutoka Ufaransa ikaja amri: nendeni Martinique, kisiwa cha Ufaransa huko Karibi. Nahodha Battet akang'oa nanga na mzigo wake, na Wakanada, ambao wangeweza kumzuia kwa nguvu, wakamwacha. Walifanya busara, kwa maoni yangu. Nani angetaka kumpiga risasi mshirika wa juzi ndani ya bandari yake mwenyewe?

Tarehe 24 ikatia nanga Fort-de-France, masanduku yakapandishwa ngome ya Desaix. Meli nayo ikakwama huko miaka mitatu. Mwaka 1942, kwa shinikizo la Marekani, ililemazwa makusudi isiweze kwenda vitani.

Kisiwa kilipogeukia upande wa Washirika mwaka 1943, ilipelekwa Philadelphia kukarabatiwa. Agosti 1944 ikarudi nyumbani kwa mizinga, ikipiga pwani ya Provence, kusini mwa Ufaransa, kuwafungulia njia wanajeshi wa Washirika waliokuwa wakishuka. Baadaye ilitumwa Indochina, ikawa meli ya mafunzo, na mwaka 1959 ikauzwa chuma chakavu.