Meli kubwa ikifika, uokoaji haujaisha

Wengi huamini kuwa meli ya mizigo ikiifikia mashua iliyofurika watu, kilichobaki ni kushusha ngazi. Hapo ndipo hatari huongezeka. Kimo cha ubavu wa meli tupu juu ya maji chaweza kuzidi mita 10, na abiria wote wakikimbilia upande wa ngazi, mashua hupinduka. Kwa hiyo meli hukinga upepo, boti ndogo hugawa jaketi okozi kwanza, kisha watu huhamishwa wachache wachache. Aliyekaa majini muda mrefu huinuliwa akiwa amelala. Akivutwa wima, shinikizo la damu laweza kuporomoka.

Ukitaka kuhakikisha, soma kanuni III/17-1 ya SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, iliyoanza kutumika Julai 2014: hudai mpango wa kuopoa watu. Au elesha bakuli lenye kokoto kwenye beseni, kisha zisogeze zote ukingoni.