Kwa Nini Pazia Jepesi Hukuficha Mchana Lakini Hukuanika Usiku?

Pazia jeupe na jepesi lililotundikwa kwenye dirisha la sebule humzuia mpita njia wa saa sita mchana asione chochote kilichomo ndani. Saa mbili usiku, taa zikiwa zimewashwa, pazia lile lile humwonyesha mpita njia yule yule nani ameketi wapi na anafanya nini. Kitambaa hakijabadilika, wala matundu yake hayajapanuka. Kilichobadilika ni upande wenye mwanga mwingi zaidi. Anayeelewa jambo hili amepata msingi wa kuchagulia karibu kila dirisha la nyumba yake, kwa sababu swali la kwanza si la rangi wala nakshi, bali ni hili: saa ambazo chumba hiki hutumika, mwanga mkali uko ndani au uko nje?

Kitambaa chepesi ni nyuzi nyembamba zilizoachiana nafasi. Mwanga unapokipiga, sehemu yake hupenya katika nafasi hizo, na sehemu nyingine hugonga nyuzi ikatawanyika kila upande. Kwa hiyo mtu aliye nje mchana hupokea mwanga wa aina mbili kwa pamoja: ule wa jua uliotawanywa na nyuzi ukamrudia, na ule hafifu unaotoka kwenye vitu vya ndani ukapenya matunduni. Jua la wazi linaweza kufikia luksi 100,000, luksi ikiwa ni kipimo cha wingi wa mwanga unaoangukia eneo fulani, ilhali ndani ya chumba, hatua chache kutoka dirishani, mara nyingi huwa ni mia chache tu. Mwanga wa kwanza huumeza wa pili, na jicho huishia kuona weupe wa pazia. Aliye ndani hana shida hiyo, kwani anatazama kuelekea penye mwanga mwingi, na kiasi kinachopenya kinamtosha kuona miti, njia na watu. Usiku mambo hugeuka: hata mbalamwezi ya mwezi mpevu haifikishi luksi 1, na sebule yenye taa huishinda mara nyingi sana, hivyo anayefichwa sasa ni yule aliye nje.

Kutokana na hayo, kati ya vitambaa viwili vyenye matundu yanayolingana, cheupe humficha aliye ndani vizuri zaidi mchana kwa sababu hutawanya mwanga mwingi, na cheusi humwachia kuona nje kwa uwazi zaidi. Karatasi za kubandika kwenye vioo, zile zinazofanya dirisha lionekane kama kioo cha kujitazamia, hufuata kanuni hiyo hiyo: zinaficha mradi nje kuna mwanga kuliko ndani, na giza likiingia zinaacha kuficha. Wanunuzi wengi hawaambiwi jambo hili, na ni haki yao kuambiwa kabla hawajalipa. Kwa sebule, basi, sioni suluhisho bora kuliko tabaka mbili kwenye fimbo mbili: pazia jepesi linalobaki limefungwa mchana, na zito linalovutwa mara taa zinapowashwa. Anayetaka kujiridhisha atoke nje usiku, taa za ndani zikiwaka, alitazame dirisha lake mwenyewe.

Bafuni, ambako taa huwashwa na faragha huhitajika saa zote, pazia jepesi halifai kabisa. Hapo kioo chenye ukungu, au karatasi ya kukitia ukungu, hufanya kazi kwa njia tofauti, kwani huivuruga taswira yenyewe badala ya kutegemea upande upi una mwanga. Hata hivyo, mtu anayesimama karibu sana na kioo hicho usiku umbo lake huonekana kama kivuli, kwa hiyo ikiwa dirisha liko kando ya mahali pa kuogea, ongezea pazia la plastiki la kukunjua. Kitambaa kinachokaa na unyevu huota kuvu, na mbao hupinda.

Chumba cha kulala kina hitaji jingine, nalo ni giza. Ndani ya jicho mna seli ambazo kazi yake kubwa si kuona maumbo bali kuuarifu ubongo kama kumekucha. Hushtuliwa zaidi na mwanga wa buluu, na zikishtuliwa utolewaji wa melatonini, homoni inayoandamana na usiku, hupungua. Kope zilizofumbwa hupitisha kiasi cha mwanga, ndiyo maana taa ya barabarani inaweza kumsumbua mtu aliyekwisha kulala. Watu hununua kitambaa kizito cha kuzuia mwanga, kisha wakashangaa chumba hakijawa giza. Mara nyingi kosa haliko kwenye kitambaa bali pembeni, kwa kuwa mwanga huingia juu ya fimbo na kandokando ya pazia, ukagonga ukuta na kusambaa chumbani. Pazia lizidi dirisha kwa sentimita 15 hadi 20 kila upande, fimbo ifungwe juu zaidi ya fremu, na ncha za pazia zikaribie ukuta. Ili kupata mikunjo ya kutosha, upana wa kitambaa uwe mara 2 hadi 2.5 ya upana wa fimbo. Kukipima dukani, washa tochi ya simu nyuma ya kitambaa uone kinachopenya. Usitarajie, lakini, kwamba pazia hilo zito litazuia kelele za nje. Hupunguza mwangwi wa chumbani, ila sauti inayotoka barabarani huhitaji kizuizi kizito na kisicho na upenyo.

Kuhusu joto, pazia la ndani lina udhaifu wake. Mwanga wa jua hupita kwenye kioo kwa urahisi, ukifika kwenye pazia la rangi nzito hugeuka kuwa joto, na kioo hakipitishi nje mnururisho wa joto hilo, hivyo linabaki chumbani. Bitana nyeupe upande wa kioo husaidia kwa kuurudisha mwanga nje ukiwa bado ni mwanga. Kinachosaidia zaidi ni kuuzuia kabla haujafika kwenye kioo, kwa vibao vya mbao au kivuli kilichofungwa nje ya dirisha linalopigwa na jua la alasiri.

Jikoni, kitambaa hunyonya mafuta na mvuke, na kikipeperushwa karibu na jiko kinaweza kushika moto. Mapazia ya mabamba ya alumini yanayofutika kwa kitambaa chenye maji yanatosha.

Chumba cha mtoto ndicho ninachokisisitiza kuliko vyote. Kamba za kupandishia na kushushia mapazia ya mabamba zimewanyonga watoto wadogo, na nchini Marekani kiwango cha usalama kilichoanza kutumika Desemba 2018 kilitaka mapazia ya aina hiyo yanayouzwa yakiwa tayari yameundwa yasiwe na kamba, au yawe na kamba fupi au zisizofikika. Nunua lisilo na kamba. Kama lililopo lina kamba, izungushe kwenye ndoano iliyofungwa juu ukutani, na usogeze kitanda mbali na dirisha.