Kuediti picha za nje za nyumba inayouzwa: rekebisha makosa ya kamera, nyumba iache ilivyo

Watu wengi wanaotangaza nyumba wanahangaika sana na picha za sebuleni na jikoni, wakati picha ya kwanza mteja anayoiona ni ile ya nje, tena anaiona ikiwa ndogo kwenye kioo cha simu katikati ya nyumba nyingine kibao, na hapo hapo ndo anaamua afungue tangazo au apite. Kwa hiyo kuiediti picha hiyo ni kazi halali na ya lazima. Shida ni kwamba ina mpaka wake, na mpaka huo umezidi kufichika sasa hivi ambapo programu inakubadilishia anga, inaotesha nyasi na kufuta nguzo kwa kubonyeza mara moja tu.

Hapa kitengoni kwetu tunafundisha upigaji picha za majengo na swali linalorudi kila mara ni hili, niediti mpaka wapi? Mimi nawajibu hivi. Kamera ina makosa yake: inainamisha kuta, inachanganya rangi, inatia giza kwenye baraza ambalo wewe uliyesimama pale ulikuwa unaliona vizuri tu. Hayo yote ni ya kamera, yarekebishe bila kusita. Nyumba nayo ina kasoro zake, na hizo mteja atazikuta siku anayofika getini, kwa hiyo zinabaki kwenye picha.

Tuanze na mistari, maana ndo kitu kinachofanya picha ionekane ya ovyo hata kama rangi ni nzuri. Ukisimama karibu na nyumba halafu ukainua kamera juu ili upate paa lote, kuta zinaanza kuegemeana kwa juu, nyumba inaonekana kama inaanguka kwa nyuma. Programu nyingi za kuediti zina sehemu ya kunyoosha hiyo mistari, lakini fuata mpangilio: kwanza washa marekebisho ya lenzi yako, yale yanayoondoa ule mbonyeo wa mistari kuvimba pembeni, halafu ndo unyooshe kuta, kukropu, yaani kukata kingo za picha, iwe mwisho. Ukianza kunyoosha kabla ya kurekebisha lenzi utahangaika bure maana mstari wenyewe bado umepinda. Na unaponyoosha tumia kona ya ukuta au fremu ya mlango. Usitumie uzio wala ardhi kama kipimo, kwa sababu kiwanja kinaweza kuwa na mteremko wa kweli, na ukiulazimisha uwe tambarare basi nyumba yenyewe ndo inalala upande, halafu pia umemficha mteja jambo atakalolijua mvua ikinyesha.

Kunyoosha kuna gharama. Programu inavuta sehemu ya juu ya picha, pembeni panakatika, na kama kamera uliiinua sana nyumba inatoka ndefu isivyo kawaida, ghorofa ya juu inaonekana nzito kuliko ya chini. Dawa yake iko kwenye upigaji: rudi nyuma, shika kamera ikiangalia mbele moja kwa moja bila kuiinua au iweke juu ya stendi ndefu, na acha nafasi ya ziada kila upande ili ukinyoosha usikate kona ya paa.

Hapo hapo niseme kuhusu lenzi pana. Kwenye simu nyingi kamera kuu inaona kama lenzi ya milimita 24 hadi 26 hivi, na ile ya 0.5x inaona kama milimita 13, namba ikiwa ndogo lenzi inaona pana zaidi. Hiyo ya 0.5x inafanya ua uonekane uwanja wa mpira, gari lililoko pembeni linavutika kama basi, na umbali kutoka getini hadi mlangoni unaongezeka mara mbili kwa macho. Hakuna mtu aliyefuta chochote wala kuongeza chochote lakini mteja keshadanganyika. Mimi nashauri ukae kwenye kamera kuu au lenzi ya milimita 24 na kuendelea, na kama nafasi ni finyu kabisa ukalazimika kwenda pana zaidi, weka pembeni ya picha vitu ambavyo kuvutika kwake hakumdanganyi mtu kuhusu ukubwa.

Sasa mwanga. Nje kuna anga inayowaka na kuna baraza lenye kivuli, na picha moja mara nyingi haiwezi kubeba vyote viwili. Ukiwa na kamera piga kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalibana. Faili la JPEG, lile la kawaida lililobanwa, lina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384, na tofauti hiyo utaiona pale unapovuta kivuli cha chini ya paa kikiwa cheusi, RAW inakupa ukuta na JPEG inakupa madoadoa. Kama tofauti ya mwanga ni kubwa sana piga picha tatu kwenye stendi, moja ya kawaida, moja yenye giza kwa hatua mbili, moja yenye mwanga zaidi kwa hatua mbili (kila hatua ni mwanga nusu au mara mbili), halafu uziunganishe. Simu za siku hizi zinafanya kitu kama hicho zenyewe kimya kimya ndo maana anga inatoka vizuri.

Tatizo la kuunganisha ni tamaa. Mtu anavuta vivuli mpaka mwisho, anashusha mwanga mkali mpaka mwisho, anaongeza ule ukali wa mwanga wa kati (clarity) mpaka kila tofali linapiga kelele, na paa linazungukwa na utepe mweupe pale linapokutana na anga. Jua likiwepo lazima kuwe na kivuli, kivuli ndo kinamwambia mtazamaji kwamba baraza lina kina na paa limetokeza mbele. Ukikifuta chote nyumba inakuwa bapa. Angalia histogramu, ile chati ya mwanga wa picha kutoka giza kushoto hadi weupe kulia, hakikisha ukuta mweupe haujagonga ukingo wa kulia maana ukishagonga hapo umbile la plasta limepotea na halirudi, baada ya hapo amini macho yako.

Rangi ndo mahali ambapo watu wazuri kabisa wanateleza bila nia mbaya. Ukuta mweupe ukiwa upande wa jua unatoka wa manjano, upande wa kivuli unatoka wa bluu kwa sababu pale unaangazwa na anga, na ule ulio juu ya nyasi unapata ukijani kwa chini, nyasi zinarudisha rangi yake ukutani. Waiti balansi moja, yaani mpangilio wa kufanya cheupe kionekane cheupe, haiwezi kutibu vyote. Weka ya jumla kwanza, jua la mchana liko karibu na kelvini 5,500 (kipimo cha rangi ya mwanga) na kivuli kinaweza kwenda 7,000 na zaidi, halafu upande uliobaki na ubluu utibu peke yake kwa brashi, na ule ukijani wa chini uupunguzie ukolezi wa rangi taratibu. Ila rangi ya ukuta ni ukweli wa nyumba. Kama ni krimu ibaki krimu, kama ni nyeupe iliyochujuka ibaki imechujuka. Usiifanye iwe nyeupe mpya eti waiti balansi, mteja akifika atahisi kaletwa nyumba nyingine.

Nyasi je? Nyasi kwenye picha mara nyingi zinatoka za manjano kuliko zilivyo, kwa hiyo kusogeza ile manjano kidogo kuelekea kijani na kuigusa kidogo ukolezi ni sawa. Zikianza kung'aa kama plastiki umepita. Na kupaka nyasi juu ya udongo mtupu hiyo sio kuediti tena, hapo unamuuzia mtu bustani ambayo haipo na gharama za kuiotesha anazibeba yeye.

Anga nayo ina maneno mengi. Tangu Oktoba 2020 Photoshop ina zana ya kubadilisha anga yenyewe, na kabla yake, mwaka 2019, programu nyingine ya kuediti, Luminar 4, ilishakuja na hiyo kitu, kwa hiyo leo mtu yeyote anaweza. Mimi sina ugomvi na kubadilisha anga ya mawingu mazito kuwa ya bluu, hali ya hewa sio mali inayouzwa, kesho itabadilika. Ugomvi wangu uko kwenye mambo mawili.

La kwanza ni uongo wa jua. Kama picha ilipigwa siku ya mawingu, vivuli ni laini au havipo kabisa, halafu unaweka anga la jua kali, jicho la mtazamaji linagoma hata kama hawezi kusema kwa nini. Mbaya zaidi ni machweo. Mtu anaweka jua linazama nyuma ya nyumba kumbe nyuma ya nyumba ni kaskazini, na mteja anayejali baraza lipate jua la jioni au chumba cha kulala kisichomwe jioni atakuwa amepewa taarifa ya uongo kuhusu nyumba inaelekea wapi. Na kuna wale wanaoweka anga lile lile, wingu lile lile, mbele ya nyumba na nyuma ya nyumba kwenye tangazo moja. Angalia pia vioo vya madirisha, kama vinaakisi mawingu ya kijivu wakati juu ni bluu tupu, vioo ndo vinasema ukweli.

La pili ni zito zaidi na watu wengi hawalijui: zana ya anga ikitafuta mpaka wa anga inaweza kumeza vitu vyembamba vinavyokatiza. Waya za umeme zinapotea, antena inapotea, matawi yanapungua. Hukukusudia kuficha waya unaopita juu ya paa lakini umeuficha, na waya huo ni jambo ambalo mnunuzi ana haki ya kujua kabla hajafunga safari. Kwa hiyo kila ukimaliza kubadilisha anga kuza picha hadi asilimia 100, weka picha ya asili juu yake kama leya, yaani tabaka, iwashe na kuizima, pitia ukingo wa paa wote. Fanya hivyo hivyo kwa zana zote za akili bandia zinazosema zinaboresha picha, maana zinabuni: zinaweza kuongeza mstari wa vigae, kunyoosha bati lililopinda, hata kubadilisha umbo la dirisha, na hazitakuambia.

Kwenye kufuta vitu kipimo ni rahisi kukisema, kwenye kukitekeleza ndo moyo unapimwa. Kinachoondoka na mwenye nyumba au na upepo, kama ndoo ya taka, mpira wa maji, gari, nguo kwenye kamba, majani makavu, hicho futa. Japo kwa kweli ni afadhali ukisogeze kabla ya kupiga, dakika chache tu, na hutabaki na lile doa la lami iliyonakiliwa kona hii ikabandikwa kona ile. Kinachobaki pale mteja akihamia hakifutwi: nguzo, waya, tenki la jirani, ukuta wa jirani uliobanana na dirisha, kutu kwenye bati, kigae kilichotoka, doa la unyevu chini ya ukuta.

Na nyufa. Hapa naomba tuelewane vizuri kwa sababu naona zikifutwa kila siku kwa kisingizio kwamba ni ufa mdogo wa plasta. Ufa mwembamba wa plasta kweli unaweza kuwa hauna maana, lakini ufa unaopanda kwa ngazi ngazi kufuata maungio ya matofali mara nyingi unaashiria msingi umeshuka upande mmoja, na mtu anayeediti picha hana utaalamu wa kusema huu ni upi. Ukiufuta umetoa hukumu ya uhandisi ukiwa umekaa kwenye kompyuta, na mwenye kuilipia ni familia iliyokopa kununua ile nyumba. Uache.

Sheria zimeanza kulifikia jambo hili. Kule Marekani kanuni za maadili za chama cha madalali wa nyumba, NAR, kifungu cha 12, zinadai matangazo yaoneshe picha ya kweli ya mali. Jimbo la California limeenda mbali zaidi, sheria yake ya AB 723 inayotumika tangu Januari 1, 2026 inamtaka dalali anayetangaza nyumba kwa picha iliyobadilishwa kidijitali aseme wazi kwamba imebadilishwa na ampe mteja njia ya kuiona ile ya asili. Marekebisho ya kawaida kama mwanga, rangi, kunyoosha na kukropu hayahesabiwi humo ilimradi hayabadilishi mali inavyoonekana. Popote ulipo fanya hivyo tu, hata kama hakuna anayekulazimisha.

Picha za jioni zenye madirisha yanayowaka zinavutia kweli, na kuna wanaochukua picha ya mchana wakaigeuza jioni. Kama unafanya hivyo washa taa zilizopo tu, usipande taa za bustani ambazo hazipo, na andika chini kwamba jioni hiyo imetengenezwa. Ukiweza kurudi jua likishazama ukapiga ya kweli utapata kitu bora zaidi, mwanga wa ndani wenye joto dhidi ya anga la bluu haufananizwi.

Kabla hujatuma, eksipoti kwa sRGB, mpangilio wa rangi wa kawaida wa mitandaoni, ukituma Adobe RGB, ule mpana zaidi, rangi zinaweza kufifia kwenye simu nyingine. Upande mrefu pikseli 2,048 na ubora wa JPEG kwenye 80 hivi unatosha kama mtandao unaotangazia haujakupa vipimo vyake. Iangalie ikiwa ndogo kwenye simu, nje juani ukiweza. Ficha namba za magari na sura za watu waliopita, na kama wenye nyumba bado wanaishi humo waulize kwanza kuhusu kuonesha kamera za ulinzi na kufuli la geti, maana tangazo linaonwa na kila mtu. Faili la asili usilifute, litunze pamoja na lililoeditiwa kwa jina lile lile, na dalali au mnunuzi akiliomba mpe siku hiyo hiyo.