Kompyuta Gerezani: Yanayosemwa na Yalivyo

Zungumzia kufundisha kompyuta wafungwa wa Gereza la Butimba hapa Mwanza, na jibu la kwanza mara nyingi ni hili: "Mnataka kuzalisha matapeli wa mitandaoni!" Jamani, utapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hauhitaji darasa. Unahitaji laini, ulimi mwepesi na mtu mwenye haraka. Anayejifunza kuflashi simu, yaani kuiwekea programu upya, kubadilisha kioo au kuchapa barua anapata kazi ambayo mteja anaiona kwa macho na kuilipia.

Wengine husema kompyuta bila intaneti ni kazi bure. Si kweli. Gereza la San Quentin, California, lilianza kufundisha wafungwa kuandika programu mwaka 2014 kupitia mradi wa The Last Mile, na darasa halikuwa na intaneti.

"Akitoka atajifunza mtaani." Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Aliyefungwa mwaka 2015 akitoka leo anakuta laini haisajiliwi bila alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, maana laini zisizosajiliwa hivyo zilianza kuzimwa Januari 2020. Akitaka kuomba kazi serikalini anaambiwa aingie Ajira Portal, mfumo wa maombi ya kazi mtandaoni, ajaze mwenyewe. Bila laini hata ndugu wa Sengerema anayetaka kumsaidia hana pa kumtumia pesa. Na siku hizo za kwanza, wakati hana shilingi na marafiki wa zamani wanamwita, ndizo zinazowarudisha wengi ndani. Ajifunze lini, na kwa simu ya nani?

Kwamba mhalifu habadiliki, utafiti wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, mwaka 2013 ulionyesha vingine: waliosoma gerezani, masomo ya kila aina, uwezekano wao wa kurudi ulikuwa chini kwa asilimia 43 kuliko wasiosoma.

"Nani atamwajiri?" Wapo watakaomkataa, tusidanganyane. Ila fundi simu anaweza kujiajiri kwa meza na vifaa vichache. Kwa anayetaka kuajiriwa, cheti kitoke VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambayo tayari ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya vyuo, kisitoke gerezani. Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa, 2015, zinataka elimu ya wafungwa iungane na mfumo wa elimu wa nchi, ili mtu akiachiwa aendelee pale alipofikia.