Ukiondoa risasi, kazi haijaisha

Hapa Mombasa neno risasi, yaani ile metali yenye sumu iliyo kwenye betri, linatisha, na haki yake. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwamwagia watu sumu hiyo hadi kwenye damu ya watoto. Ndiyo maana mtu akisikia kwamba paneli mpya za jua, zile za perovskaiti (aina ya fuwele inayofyonza mwanga), zina risasi, hujibu papo hapo: "Si waitoe tu, waweke kitu kingine!"

Kwanza, paneli zilizo juu ya mapaa yetu leo ni za silikoni. Risasi yake ni kidogo, kwenye lehemu tu. Iliyo nyingi imo ndani ya betri ya asidi, kama unayo sebuleni.

Pili, na hapa ndipo penye kazi: risasi haikutiwa kwa uzembe. Ndiyo inayoisaidia perovskaiti kufyonza mwanga vizuri hivyo. Mbadala wa karibu ni bati (metali yenyewe, si mabati ya paa), lakini bati hiyo ikikutana na hewa hupoteza elektroni mbili zaidi, na fuwele huharibika. Utando mweusi hupauka, umeme hushuka. Tazama kitasa cha lango pale Likoni kinavyoliwa na kutu. Hewa hiyo hiyo yenye unyevu ni adui wa perovskaiti pia.

Watafiti huongeza kemikali ya floridi ya bati kupunguza uharibifu huo, wengine wanajaribu bismuthi, metali nyingine iliyo tulivu zaidi ila umeme wake bado mdogo. Kwa hiyo ukiuziwa paneli "isiyo na risasi", uliza pia: itadumu miaka mingapi kwenye chumvi ya pwani?