Hiyo "Nchi ya Kigeni" Inayolipa Ushuru Sijawahi Kukutana Nayo

Safari hii alikuwa msomi, redioni, akieleza kwa kujiamini kwamba serikali ikipandisha ushuru wa forodha "tunawatoza wageni". Mtangazaji akaitikia, "Naam, daktari." Nikazima redio.

Mimi ni wakala wa forodha. Kazi yangu ni kugomboa mizigo ya watu, na kwenye kila kadhia (hati ya kutangaza mzigo forodhani) niliyowahi kuandaa, jina la mlipaji ni la mwagizaji. Mwagizaji yuko humu humu nchini. Asipolipa, kontena halitoki, na gharama za kuhifadhi mzigo zinaendelea kuhesabika usiku na mchana. Kiwanda cha ng'ambo kilishalipwa zamani na kimeshatusahau sote wawili, mimi na mwagizaji.

Halafu ushuru hautembei peke yake. Nchi nyingi hukokotoa juu ya CIF, yaani bei ya bidhaa pamoja na bima na nauli ya meli (Marekani wao hutumia FOB, bei isiyo na bima na nauli hiyo), kisha VAT, kodi ya ongezeko la thamani, inakaa juu ya CIF pamoja na ushuru wenyewe. Chukua CIF ya 100, ushuru wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18. Unafika 147.5. Bila ushuru ungefika 118. Kwa hiyo ule ushuru wa "25" umeongeza 29.5, na bado hujalipa lori. Zaidi ya hapo, nauli ya meli ikipanda, ushuru nao unapanda bila bunge kugusa sheria. Mwaka 2021 nauli za makontena ziliporuka, wateja walinipigia simu wakidhani nimewaibia.

Lakini anayeniudhi kuliko msomi ni yule mwingine: "Mimi nanunua vya nyumbani, hayo hayanihusu."

Yanakuhusu sana. Tazama mashine za kufulia nguo Marekani. Kuanzia 2012 nchi hiyo iliweka ushuru wa kupambana na bei za kutupa (bidhaa kuuzwa nje kwa bei ya chini isiyo ya haki) kwa mashine kutoka Korea Kusini na Mexico. Samsung na LG wakahamishia uzalishaji China. Ushuru ukawafuata China, wao wakahamia Thailand na Vietnam. Mnunuzi hakuhisi kitu cha maana, kwa sababu ushuru wa nchi moja moja ni kumfukuza panya kwenye nyumba yenye milango kumi. Januari 2018 mambo yakabadilika: ushuru ukawekwa kwa karibu dunia nzima, asilimia 20 kwa mashine milioni 1.2 za kwanza kwa mwaka na asilimia 50 kwa zinazozidi. Hapakuwa na pa kukimbilia. Bei zikapanda kwa takriban asilimia 12, na mashine zilizotengenezwa Marekani kwenyewe zikapanda pia. Kwa nini zisipande? Mshindani amefungwa mikono, wewe ubaki na bei ya zamani kwa huruma gani?

Sasa sikiliza hili, maana ndipo watu huniambia nimetunga. Mashine za kukaushia nguo hazikuguswa kabisa na ushuru ule. Nazo zilipanda, karibu kwa kiwango kile kile. Watu huzinunua kwa jozi, basi wauzaji wakaligawa ongezeko kwenye zote mbili. Bidhaa ambayo haidaiwi ushuru, imepanda kwa sababu ya ushuru. Hutaiona kwenye waraka wowote wa forodha, na mimi nashinda humo.

Wachumi waliofuatilia suala hilo walikadiria ajira mpya kama 1,800, gharama ya dola bilioni 1.5 kwa mwaka kwa wanunuzi, na takriban dola milioni 82 za mapato ya ushuru. Toa hizo za hazina, gawanya kinachobaki, na kila ajira imegharimu karibu dola 800,000. Hoja za kutetea ushuru zipo, kama kulinda viwanda vichanga na usalama wa nchi, na baadhi nazikubali. Siku nyingine.

Vitabu vinasema pia kwamba nchi yenye soko kubwa inaweza kumlazimisha muuzaji wa nje ashushe bei, na hivyo abebe sehemu ya mzigo. Kwenye chuma ilitokea: baada ya ushuru wa Marekani wa asilimia 25 wa mwaka 2018, wauzaji wa nje hatimaye walipunguza bei. Kwa bidhaa nyingine nyingi za wimbi lile la ushuru, karibu ushuru wote ulibebwa na Wamarekani wenyewe. Ila hapa nina shaka ambayo sijaiona kwenye mchoro wowote wa darasani. Ushuru ukipanda, ankara zinazofika mezani kwangu huanza kushuka bei. Je, muuzaji amepunguza kweli, au yeye na mwagizaji wameelewana waandike pungufu na tofauti ilipwe kwa njia nyingine? Ankara ya kweli na ya uongo zinafanana kama mapacha. Takwimu za biashara hujengwa kwa karatasi hizo hizo, kwa hiyo nikisoma kwamba "wageni walibeba asilimia kadhaa", huwa nashusha miwani kidogo.

Na msiniulize kwa nini ushuru ukiondolewa Jumatatu bei haishuki Jumanne. Muuzaji atakwambia stoo yake imejaa mzigo uliolipiwa kiwango cha zamani, na mara nyingi ni kweli. Siku ushuru ulipopandishwa, stoo ile ile ilikuwa imejaa mzigo uliolipiwa kiwango cha chini, lakini bei ilipanda jioni hiyo hiyo, eti lazima apate fedha za kuagiza mzigo mwingine. Hiyo nayo ni kweli.